Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Alijua Alichopewa, Akakitoa



Ndugu msomaji, Ramadhan imetufikia tena na Alhamdulillah tuko hai. Mwezi huu kila mtu hutafuta la kutoa. Mwenye duka hutoa mchele na tende, mwenye gari hubeba masufuria ya futari, na mama zetu wako jikoni tangu alasiri. Halafu kuna wewe. Uko hapa Kilimani, pengine bado unasoma, pengine ulimaliza chuo kikuu mwaka juzi na mpaka leo unazungusha karatasi zako maofisini, na mfukoni una nauli ya matatu ya 46 ya kwenda mjini na kurudi, basi. Unajiuliza: mimi nitatoa nini?

Wengi hulijibu swali hili haraka. Husema sina kitu, wakaendelea na safari zao. Sisi hatutaki kukupa mawaidha, manake mawaidha utayasikia sana mwezi huu, inshaallah. Tunataka kukusimulia maisha ya mtu mmoja wa Mombasa ambaye alichowapa watu hakikuwa mali. Jina lake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Allah amrehemu.

Ukisikia Mazrui huenda fikra yako ikaenda kwa Profesa Ali Mazrui, yule mwanachuoni aliyetengeneza vipindi vya televisheni kuhusu Afrika mwaka 1986 na kufariki Marekani mwaka 2014. Huyo ni mtoto. Leo tunamzungumzia baba.

YATIMA WA MVITA

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake si mdogo. Wamazrui ndio waliokuwa wakiitawala Mombasa kwa karibu miaka 100, wakiwa ndani ya ile Ngome ya Yesu ambayo wewe huenda uliipelekwa na shule kuitazama, mpaka Seyyid Said alipowang'oa mwaka 1837. Kwa hivyo kijana huyu alizaliwa katika nyumba iliyokuwa na jina kubwa lakini utawala ulikuwa umeshaondoka zamani. Hata kidogo kilichobakia kiliondoka yeye akiwa mtoto: mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao, Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gasi akapigana nao, na mwaka 1896 akashindwa na kukimbilia upande wa Wajerumani.

Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa. Alikuwa na msimamo wake wa dini na hakuuficha, mpaka Sultan Barghash wa Zanzibar akamtia gerezani. Alitoka mwaka 1888 Barghash alipofariki. Mtu kama huyu ungetamani akae na mwanawe, amfundishe, amuonyeshe njia. Haikuandikwa hivyo. Sheikh Ali alifariki mwaka 1894 na kumuacha Al-Amin akiwa na umri wa miaka mitatu hivi.

Hapa tusimame kidogo. Mtoto yatima, wa ukoo uliopoteza dola yake, katika mji ambao umeingia mikononi mwa wageni. Angeweza kabisa kukaa barazani maisha yake yote akihesabu ufalme wa mababu. Watu wa namna hiyo wapo kila mji, na hapa Nairobi pia wapo. Mtu hana alichofanya ila ana orodha ndefu ya nani walikuwa jamaa zake.

Alilelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu. Chini ya mikono yake Al-Amin alisoma Qur'ani, fiqhi na lugha ya Kiarabu. Kisha akaenda Zanzibar, kwa sababu siku hizo mwenye kutaka elimu katika pwani yetu alikwenda Zanzibar. Huko alisoma kwa mabwana wawili ambao hakuna aliyeweza kuwapita wakati ule: Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija aliyekuwa kadhi wa Zanzibar, na Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyesomesha nyumbani kwake Ukutani. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925.

Na huko Zanzibar, kupitia masheikh hao, akaingia katika duru ya watu waliokuwa wakisoma yanayoandikwa Misri. Wakati huo Cairo kulikuwa na gazeti likiitwa Al-Manar, lililoanzishwa mwaka 1898 na Sheikh Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Gazeti hilo lilikuwa likiuliza swali moja kwa njia nyingi: kwa nini Waislamu wamerudi nyuma, na watainukaje bila ya kuiacha dini yao? Sheikh Al-Amin alilisoma na likamuingia. Si kwamba alikubali kila neno. Lakini alipolitazama swali lile aliona kama linauliza kuhusu Mombasa.

HALI ILIVYOKUWA

Ili uelewe alichokifanya lazima uione Mombasa ya miaka ile. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896. Mji mkuu ulihamishwa Mombasa ukaletwa huku Nairobi mwaka 1905, na biashara na vyeo vikaufuata. Shule za maana zilikuwa za misheni, na mzazi Muislamu aliogopa kumpeleka mtoto huko asije akarudi na dini nyingine. Serikali ilifungua shule ya watoto wa Kiarabu Mombasa mwaka 1912, lakini ilikuwa moja, na wengi hawakuiamini. Basi kijana wa pwani akawa amemaliza chuo cha Qur'ani, anajua kusoma herufi za Kiarabu, na baada ya hapo hakuna. Ofisini hatakiwi kwa sababu hajui Kiingereza. Mashamba ya wazee yameuzwa. Pesa zilizobaki zinaishia katika arusi za kushindana na matanga ya siku nyingi.

Wanavyuoni walikuwepo, tena wengi. Tatizo elimu yao ilikuwa imefungwa ndani ya Kiarabu. Mtu alisoma vitabu vya Kiarabu, akaandika sherehe za vitabu hivyo kwa Kiarabu, wakamsoma wanavyuoni wenzake. Mchukuzi wa bandarini, muuza samaki, mama wa nyumbani, hao walisubiri darsa la Ramadhan, na hata hapo walipata walichoweza kukikamata kwa masikio.

Sheikh Al-Amin alikuwa na uwezo kamili wa kuwa mwanachuoni wa namna ile. Kiarabu chake kilikuwa cha hali ya juu; historia ya ukoo wake wa Mazrui aliiandika kwa Kiarabu, na kazi hiyo ilikuja kuchapishwa na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, karibu miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hivyo usidhani kwamba alipoandika Kiswahili ni kwa kuwa kingine hakukiweza.

UKURASA

Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa. Neno lenyewe maana yake ni ukurasa tu. Iliandikwa kwa Kiswahili, Kiswahili cha Kimvita kama watu wa Mombasa wanavyozungumza, kwa herufi za Kiarabu. Wataalamu walioichunguza wanaihesabu kuwa gazeti la kwanza la Kiislamu la Kiswahili.

Angalia hesabu za umri hapa. Mwaka 1930 alikuwa na miaka 39. Nakwambia hivi kwa sababu najua wako wanaosoma ukurasa huu wana miaka 24 na wameshaamua kwamba hawana talanta yoyote. Huyu bwana alisoma, akasomesha, miaka ikapita, na kile ambacho leo tunamkumbuka nacho alikuwa hajakianza.

Na angalia pia uchaguzi wake wa herufi. Mwaka huohuo wa 1930 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliunda kamati ya lugha ya kusanifisha Kiswahili, wakashika Kiunguja na herufi za Kizungu kwa vitabu vya shule. Sheikh yeye alikuwa akiwaandikia watu ambao shule hizo hawakuingia. Chuoni walisoma alif, be, te. Basi akawaandikia kwa kile walichokuwa nacho. Kwa maoni yangu hii ndiyo akili kubwa kuliko zote katika jambo lake zima: hakuwaambia watu nendeni kwanza mkasome ndipo muje mnisikilize. Alikwenda mpaka walipo.

Kwa kulinganisha tu, huku kwetu Nairobi miaka miwili kabla, 1928, kijana mmoja aitwae Jomo Kenyatta alikuwa ameanza kuhariri gazeti la Muigwithania kwa Kikikuyu. Msikiti wa Jamia pale mjini ulikuwa bado unajengwa, haukumalizika mpaka 1933. Sina habari kama wawili hao walijuana. Ila utaona ulikuwa wakati wa watu kugundua kwamba karatasi moja kwa lugha ya nyumbani yaweza kufanya jambo.

Ndani ya Sahifa kulikuwa na nini? Kulikuwa na mambo ya watu. Aliandika juu ya elimu na uvivu wa kuitafuta. Aliandika juu ya Waislamu kukosa umoja, kila mmoja na kabila lake na mtaa wake. Akakemea israfu za arusi na za misiba, mtu anaweka nyumba rehani ili watu wale wakasifu. Akawasema wanaowaiga Wazungu katika mavazi na starehe huku wakiacha kuiga bidii yao ya kazi, elimu yao na jinsi wanavyosaidiana. Ukilitazama neno hili utaona halikuwapendeza wa upande wowote: wazee waliochukia kila kitu cha Mzungu hawakulipenda, na vijana waliokuwa mbioni kuvaa na kucheza kama Wazungu hawakulipenda pia. Akataka wasichana wasomeshwe. Hilo la wasichana, dada yangu unayesoma, lilikuwa ni jambo la kuzusha maneno katika mji ambao wasichana wengi walikaa ndani wakishabaleghe.

Aliyaandika haya kwa maneno mafupi, yenye ukali wakati mwingine. Alikuwa akiwaambia watu wake makosa yao waziwazi, na kwa lugha yao, ambayo hata jirani angeweza kuisoma. Mtu akikulaumu kwa Kiarabu waweza kujifanya hukufahamu. Kwa Kimvita utakimbilia wapi?

Hakupendwa na wote. Walikuwepo wanavyuoni wenzake, watu wazito, walioona kwamba anayoyasema kuhusu baadhi ya ada za dini yanavunja mila njema za wazee. Ubishi ule haukuisha mpaka leo na sisi hapa hatutauchokoza, Ramadhan si mwezi wa kugombana. Tunachotaka uone ni kwamba kukijua kipawa chako na kukitumia si lazima kukuletee makofi. Yeye alikuwa anaishi katika mji mdogo, anaswali na watu haohao, anaoana na jamaa zao. Gharama yake aliijua.

KALAMU AU KITI?

Sasa tunafika mahali ambapo mimi binafsi huwa napafikiria sana katika maisha ya Sheikh huyu.

Mwaka 1932 mwezi wa Februari alianzisha gazeti lililo kubwa kuliko Sahifa, akaliita Al-Islah, yaani matengenezo. Hili lilitoka kila wiki, sehemu kwa Kiswahili na sehemu kwa Kiarabu. Na mwaka huohuo wa 1932 aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa.

Unaona mtego ulipo? Kadhi ni mtu wa kuhukumu ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Ni amana kubwa, na hapakuwa na wengi wenye elimu ya kuishika. Lakini ni kazi ya serikali pia. Siku nzima yuko mahakamani na watu wanagombania nyumba ya marehemu. Na kadhi hawezi kuandika kila wiki kama alivyoandika mtu asiye na kiti. Al-Islah halikuvuka mwaka 1933. Mwaka 1937 alipandishwa akawa Kadhi Mkuu, cheo alichobaki nacho mpaka kufa kwake.

Wako wanaosema alifanya sawa, na wanayo hoja: mayatima na wajane waliofika mbele yake walihitaji haki siku ile, si makala. Mimi naona hasara pia. Fikiria gazeti kama lile lingeendelea kwa miaka 15 mingine. Hata hivyo yeye ndiye aliyekuwa na vipawa viwili mkononi, na siku zake zilikuwa na saa 24 kama zako. Wewe unayesoma ukiwa umeajiriwa, unatoka Kilimani asubuhi na kurudi usiku, na moyoni una jambo lako ulilokuwa ukilifanya kwa ajili ya watu kabla hujapata kazi, unajua vizuri ninachokisema.

Alichofanya ni hiki. Gazeti lilipokufa, hakuiweka kalamu chini. Aliibadilishia kazi. Akaanza kuandika vitabu vidogo vya kufundishia, vya Kiswahili, vya kumfaa mtoto na mtu mzima asiyesoma sana. Mwaka 1939 kikatoka kitabu chake Dini ya Islamu. Mwaka 1944 makala zake za gazetini zikakusanywa na kutolewa kama kitabu kwa jina la Uwongozi. Mambo aliyoyaandika akiwa huru yakarudi tena mikononi mwa watu naye akiwa Kadhi Mkuu, tena bila kuwaomba radhi wale waliokasirika mara ya kwanza.

WANAFUNZI

Na alisomesha. Hii ni sehemu ambayo watu huipita haraka kwa sababu haina kitabu cha kushika mkononi. Ukadhi haukumzuia kuwa na darsa, na katika waliokaa mbele yake walitoka watu.

Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1912, alikuwa mmoja wao. Huyu alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka wa uhuru, 1963, mpaka 1968. Naye akashika kalamu kama mwalimu wake, akaandika vitabu vya Kiswahili, na katika miaka ya 1970 akatoa gazeti lake la Sauti ya Haki. Sheikh Muhammad Ghazali yeye kipawa chake kilikuwa darasani. Madrasa ya Al-Ghazali ya Mombasa ilijulikana kwa jina lake, na ilisomesha dini kwa mpango, kwa madarasa, si kila mtoto na ubao wake chini ya mwembe. Kisha kuna Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar, aliyepata mwanga kwake na kuandika habari zake katika kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Farsy aliletwa Kenya na kuwa Kadhi Mkuu baada ya Sheikh Muhammad Kasim.

Tazama walivyotofautiana. Mmoja kadhi na mwandishi, mmoja mwalimu wa watoto, mmoja mwanahistoria na mfasiri. Laiti Sheikh Al-Amin angetaka kila mmoja awe nakala yake, pengine asingempata hata mmoja.

KAZI AMBAYO HAKUIMALIZA

Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua. Mwaka 1923 ilikuwa imetoka tafsiri nzima ya Qur'ani kwa Kiswahili, lakini mwenye kuifanya alikuwa padri, Godfrey Dale wa misheni ya Zanzibar. Yaani Mswahili Muislamu aliyetaka kukisoma kitabu chake kwa lugha yake alilazimika kukichukua kwa padri! Na kwa upande mwingine wanavyuoni wengi waliona kuifasiri Qur'ani ni jambo la hatari, heri watu wabaki na masikio yao.

Sheikh Al-Amin akaanza tafsiri. Hii si kazi ya kuandika ukapeleka mtamboni. Kila aya ina maneno ya wafasiri kabla yako, na kila neno la Kiarabu linataka mwenzake wa Kiswahili ambaye mtu wa kawaida atamfahamu. Aliifanya hivyo, kidogo kidogo, pamoja na mahakama na wanafunzi na familia. Mauti yakamkuta mwaka 1947 bado hajafika mbali. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Aliacha watoto. Ali, ambaye tumemtaja mwanzo, alikuwa na miaka 14. Babake alikuwa amemkusudia aende Al-Azhar, Cairo, akawe mwanachuoni wa dini. Mpango huo ukafa na mwenyewe. Zaidi ya hayo, kijana Ali alipofanya mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari hakupata alama za kumpeleka chuo kikuu. Akawa karani katika taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojengwa Mombasa, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Siku moja ya Maulidi alisimama kuhutubia, na Gavana Philip Mitchell alikuwepo. Gavana aliposikia namna kijana yule anavyozungumza alimtafutia njia ya kwenda kusoma Uingereza. Mtihani haukuwa na swali la kupima ulimi. Ali alisoma Manchester, Columbia na Oxford, na mwaka 1965 akawa profesa Makerere, akiwa na miaka 32. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa na kuzikwa kwenye makaburi ya Wamazrui.

Na ile tafsiri? Kwa miaka mingi ilibaki ni maandishi. Mwaka 1953 Maahmadiya walitoa yao hapa Nairobi, nzima, na Masunni wakawa bado hawana iliyokamilika. Ndipo Sheikh Farsy alipoifanya kazi hiyo kwa mpango wake mwenyewe, na mwaka 1969 Qurani Takatifu yake ikachapishwa hapahapa Nairobi na Islamic Foundation. Pengine nakala iliyo kabatini kwenu ni hiyo.

Karatasi za mwalimu alikuwa nazo Sheikh Muhammad Kasim. Alikuwa mzee, ameshatoka ukadhini, na Waswahili walikuwa tayari wana Qur'ani ya Farsy, kwa hivyo angeweza kusema haja imekwisha. Lakini alizishughulikia. Sehemu ya kwanza, Al-Faatiha na Al-Baqara, ilichapishwa na Shungwaya Publishers, Nairobi, mwaka 1980, miaka 33 baada ya kufa kwa aliyeiandika, na jina la Sheikh Al-Amin bin Ali liko juu. Sheikh Muhammad Kasim mwenyewe alifariki mwaka 1982.

Ile Uwongozi nayo imetolewa tena mwaka 2017, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ukibahatika kuipata, anza na makala za arusi.